Nyatiti, kinubi na hapsikodi: binti yangu aanze na ipi?

"Binti yangu ana miaka 13, yuko Gredi ya 8 hapa Kisumu. Tangu aone kwenye simu mwanamke akipiga kinubi kikubwa harusini, haimbi wimbo mwingine. Mwalimu wake wa muziki anasema nyatiti ndiyo kinubi cha Wajaluo, kwa hiyo akijifunza nyatiti atakuwa amejua kinubi. Kinanda cha umeme cha kanisani kwetu kina sauti ya kinubi na sauti ya hapsikodi, nami nikizisikiliza naona ni karibu kitu kimoja. Mpiga kinanda wetu anasema hapsikodi ni kinubi kilichowekewa vibonye. Sasa kuna mtu Nakuru anauza kinubi kidogo cha nyuzi 22 alichoachiwa na wageni, anataka shilingi 180,000. Babake anasema tununue nyatiti, chenji ibaki. Shangazi yake wa Siaya naye ameapa kwamba msichana hapigi nyatiti. Vyombo hivi ni kimoja au ni vingi? Na nianzie wapi?"

Mama, umeuliza maswali mawili na kuyafunga kitita kimoja: vyombo hivi vinatofautianaje, na pesa ziende wapi. Nitaanza na la kwanza, kwa sababu ukilielewa, la pili litakuwa limejijibu karibu nusu. Kwa kifupi, hivyo ni vyombo vitatu vya jamii tatu. Mwalimu wa binti yako ameukaribia ukweli bila kuufikia. Mpiga kinanda wenu amepotoshwa na jina, maana kwa Kiingereza hapsikodi (harpsichord) inaanza na neno harp, yaani kinubi. Na huyo wa Nakuru usimtumie hata pesa za kushikilia mpaka umalize kusoma.

Watu wengi huvitambua vyombo vya nyuzi kwa kuhesabu nyuzi. Hesabu haisaidii hapa. Nyatiti ina nyuzi 8, litungu ya Wabukusu kwa kawaida 7, ennanga ya Waganda 8, na kinubi cha okestra 47. Ukienda kwa hesabu hiyo, utasema nyatiti na ennanga ni ndugu wa tumbo moja, na wala si hivyo. Swali la kuuliza ni jingine: uzi unafikaje kwenye kile kinachotoa sauti?

Uzi wenyewe hauna sauti ya maana. Chukua mshipi wa kuvulia, uufunge kati ya misumari miwili kwenye nguzo ya zege, uukaze, halafu uudonoe. Utasikia kidogo sana, kwa sababu uzi ni mwembamba mno, unaikata hewa badala ya kuisukuma. Ili usikike hadi upande wa pili wa chumba, mtikisiko wake lazima uhamie kwenye kitu kipana na chepesi, ngozi iliyowambwa au ubao mwembamba, na hicho ndicho kinachoisukuma hewa. Njia ambayo mtikisiko unaipitia kutoka kwenye uzi hadi kwenye ngozi au ubao ndiyo inayozigawa jamii za vyombo hivi. Mengine yote, umbo, ukubwa, nakshi, ni ya baadaye.

Kwenye kinubi, uzi unasimama juu ya ubao wa sauti. Ncha yake ya juu imefungwa kwenye shingo ya chombo, ncha ya chini inapenya tundu kwenye ubao na kupigwa fundo kwa ndani. Hakuna daraja la kupitia, yaani kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ubao au ngozi. Uzi unauvuta ubao wenyewe, na ukiudonoa ubao unavutwa na kuachiliwa papo hapo. Ndiyo maana sauti ya kinubi huanza laini na kuendelea kuvuma.

Kwenye nyatiti, nyuzi zinalala. Zinaanzia mwisho wa bakuli lililowambwa ngozi, zinapita juu ya daraja dogo lililokalia ngozi, kisha zinakwenda sambamba na ngozi hiyo mpaka kwenye mti uliokingama juu, ambao umeshikwa na mikono miwili iliyochomoza kutoka kwenye bakuli. Daraja linaikandamiza ngozi, haliivuti. Mikono miwili na mti wa kukingama ndiyo alama ya jamii hii, na ukishaijua hutaipotea tena. Ndugu za nyatiti wamekuzunguka pande zote: obokano ya Wakisii, kubwa na yenye sauti nzito ya besi, litungu kule Bungoma, chepkong'o kwa Wakipsigis, endongo ng'ambo ya mpaka kwa Waganda, krar na begena Ethiopia. Hata kile alichokipiga Daudi mbele ya Sauli, wataalamu wengi wa ala za kale wanakubaliana kwamba kilikuwa cha jamii hii, ingawa vitabu vya picha vya watoto humchora amekumbatia kinubi cha Ulaya.

Basi mwalimu yuko sahihi kwamba nyatiti na kinubi vyote hudonolewa kwa vidole, kila uzi na noti yake, bila kubanwa juu ya shingo kama gitaa. Hapo ndipo ufanano unapoishia. (Orutu ya Wajaluo na siiriri ya Waluhya ni mlango mwingine kabisa: uzi mmoja unaosuguliwa kwa upinde, na noti zinapatikana kwa kidole. Siziingilii leo.)

Sasa hapsikodi. Hii usiitafute nyumbani kwa kinubi. Ukiinua kifuniko chake utaona nyuzi nyembamba za chuma na za shaba zimelala juu ya ubao, zikipita juu ya daraja lililogundishwa kwenye ubao huo. Kama umewahi kuona kanuni ikipigwa kwenye taarabu ya Unguja, ile ala bapa inayokaa mapajani mwa mpigaji, basi umemwona jamaa wa karibu wa hapsikodi. Wote wawili nyuzi zao zimelala, zinapita darajani, na zinadonolewa kwa kitu kigumu, si kwa nyama ya kidole.

Kinachoitofautisha hapsikodi ni mtambo wake. Kila kibonye ni wenzo. Ukikibonyeza kwa mbele, mwisho wake wa ndani unainuka na kusukuma juu kijiti chembamba cha mbao kilichosimama wima kando ya uzi. Ubavuni mwa kijiti kuna ulimi mdogo unaochezacheza, na kwenye ulimi huo kumechomekwa kijino. Zamani kijino kilichongwa kwa unyoya wa ndege, wa kunguru kwa mfano. Siku hizi mara nyingi ni plastiki. Kijiti kinapanda, kijino kinaudonoa uzi kama kuku anavyodonoa punje. Ukiachia kibonye, kijiti kinashuka kwa uzito wake. Hapa ndipo mafundi wa kale walipoonyesha akili: kijino kingeudonoa uzi mara ya pili wakati wa kushuka, lakini ule ulimi unajikunja nyuma na kuupita uzi kimyakimya. Kisha kipande cha kitambaa kilicho juu ya kijiti kinaugusa uzi na kuuzima.

Mtambo huo una gharama yake. Kijino kinadonoa kwa nguvu ileile, ubonyeze kwa upole au kwa hasira. Mpigaji wa hapsikodi hawezi kufanya noti moja iwe kubwa na ya pili iwe ndogo kwa uzito wa kidole tu. Anategemea muda, mapambo ya noti, na kwenye zile kubwa seti ya pili ya nyuzi anayoweza kuiunganisha au kuiondoa. Watu waliridhika na hali hiyo kwa muda mrefu. Maandishi yanaitaja hapsikodi tangu mwisho wa karne ya 14, na mtunzi Mwitaliano Domenico Scarlatti aliandika sonata 555, nyingi kabisa zikiwa za chombo hiki. Ilikuwa karibu mwaka 1700, huko Florence, Italia, ambapo fundi Bartolomeo Cristofori aliondoa kijino na kuweka nyundo inayougonga uzi na kurudi. Nyundo ikirushwa kwa nguvu sauti inakuwa kubwa, ikirushwa polepole inakuwa ndogo. Hiyo ndiyo piano. Piano na hapsikodi zinafanana kwa vibonye, lakini moja inagonga na nyingine inadonoa.

Kwa nini basi kwenye kinanda cha kanisani zinasikika karibu sawa? Kwa sababu kinanda cha umeme hakina uzi hata mmoja. Kimehifadhi sauti zilizorekodiwa, na spika ndogo huziosha tofauti. Jaribu hivi Jumapili baada ya ibada. Chagua sauti ya hapsikodi, bonyeza kibonye kimoja kwa upole, kisha kwa nguvu. Kwenye vinanda vingi sauti haitabadilika ukubwa, kwa sababu waliokitengeneza wameiga ule mtambo. Hamia kwenye kinubi, rudia, na utasikia tofauti. Kisha achia kibonye ghafla: hapsikodi hukatika, wakati mwingine hata na kimlio kidogo cha kijiti kikitua, kinubi huendelea kuvuma kidogo, maana kwenye kinubi halisi hakuna kitambaa cha kuuzima uzi isipokuwa viganja vya mpigaji. Ukishazisikia mara moja hivyo, hutazichanganya tena.

Tuje kwa binti. Alichokiona harusini, nadhani, ni kinubi cha pedali. Hicho kina nyuzi 47 na pedali 7 miguuni, kinapita kimo cha mtu mzima wa kawaida, na uzito wake ni kilo 36 na zaidi. Nyuzi za noti ya C ni nyekundu na za F ni nyeusi au buluu ili mpigaji asipotee. Kila pedali inashughulikia noti moja katika oktava zote, yaani kila mzunguko wa do-re-mi: ukiisogeza hatua moja, C zote za chombo zinapanda nusu-toni, hatua ya pili nusu-toni nyingine. Mfumo huo wa hatua mbili ulipatiwa hati miliki na fundi Mfaransa Sébastien Érard mwaka 1810, na mpaka leo haujabadilishwa sana. Nyuzi zote kwa pamoja zinavuta kwa nguvu inayokaribia tani moja. Bei ya kipya ni zaidi ya shilingi milioni moja, na vya ukumbini ni mara kadhaa ya hapo. Hicho tukiweke kando. Hata wanaokipiga hawakuanza nacho.

Walianza na kidogo, na hapa ndipo kinubi cha Nakuru kinapoingia. Nyuzi 22 ni oktava tatu kamili. Kwa mwanafunzi wa kuanza, hicho ni kinubi halisi, si mwanasesere. Lakini kwa 180,000 ningeuliza mengi kabla ya kupanda matatu. Vinubi vya nyuzi 22 vya kiwandani vya bei ya chini huuzwa nje kwa dola mia chache tu, na vya mafundi wenye jina hupita dola 1,000. Bei anayotaja inaweza kuwa ya haki au inaweza kuwa maradufu, inategemea jina lililo kwenye shingo ya chombo. Mwombe picha yake.

Mwombe pia picha ya nyenzo. Kinubi kidogo hakina pedali. Juu ya kila uzi huwa na wenzo mdogo unaoinua noti nusu-toni ukipinduliwa. Vya bei ya chini huwa na nyenzo kwenye nyuzi chache tu, au hakuna kabisa. Bila nyenzo, chombo kinakaa kwenye ufunguo mmoja wa muziki mpaka ukae chini ukikaze upya uzi kwa uzi. Mwambie mpiga kinanda wenu kwamba kwaya yote itaimba kwenye C mwaka mzima, uone atakavyokuangalia.

Kisha ubao wa sauti, na hili ndilo kubwa. Nimesema nyuzi za kinubi zinauvuta ubao moja kwa moja. Zinauvuta usiku na mchana, hata chombo kikiwa kimefunikwa kwa shuka stoo. Kwa hiyo ubao wa kinubi huvimba kidogo kuelekea kwenye nyuzi kadiri unavyozeeka, na uvimbe mdogo uliosambaa ni wa kawaida, usikutie hofu. Kinachotisha ni ufa unaofuata mstari wa matundu, ubao unaoachana na kisanduku pembeni, au shingo iliyojipinda upande mmoja. Ukipitisha ukucha kwenye maungio na ukaingia, hapo gundi imeachia. Kinubi kilichokaa miaka bila mtu, pengine kwenye chumba chenye dirisha la jua, huwa na mojawapo ya hayo mara nyingi kuliko wauzaji wanavyokiri. Ulizia pia ufunguo wa kukazia. Vigingi vina saizi tofauti, na ukikosa ule wake, chombo kimenyamaza.

Halafu fikiria siku uzi utakapokatika, maana utakatika. Nyuzi fupi za juu ni za nailoni, na kwa dharura mtu anaweza kujishikiza na mshipi wa unene uleule. Zile ndefu za besi mara nyingi zimezungushiwa waya, na hizo huagizwa kutoka nje. Kama hujui nani alikitengeneza, hujui hata uagize unene gani.

Nyatiti haina shida hiyo. Zamani nyuzi zake zilitoka kwenye kano za ng'ombe. Siku hizi ni mshipi wa nailoni, uleule wa wavuvi, na katika mji ulio ukingoni mwa ziwa mshipi hauwezi kukosekana. Kwenye nyatiti ya asili ncha ya juu ya uzi haina kigingi. Imezungushwa juu ya pete ya kitambaa iliyoubana mti wa kukingama, na ukitaka kupandisha sauti unaishika pete kwa kiganja na kuipindua kwa nguvu. Msuguano ndio unaoishikilia isirudi. Mikono ya mtoto wa miaka 13 itachoka mwanzoni, ndiyo maana mafundi wengine sasa huweka vigingi vya gitaa. Sioni ubaya wowote, ingawa wazee wawili watatu watakunung'unikia.

Kuna jambo binti aambiwe mapema asije akadhani ameuziwa kibovu. Nyatiti haitoi sauti safi kama ya kinubi. Daraja lake limeundwa kwa matete yaliyobandikwa kwa nta, na uzi unapotikisika unayagusa kidogo, hivyo kila noti hufuatana na mkwaruzo wa pembeni. Fundi wa kinubi angekesha akiutafuta mkwaruzo huo auondoe. Fundi wa nyatiti hukesha akiutafuta aupate. Nimekuta mafundi wa magitaa wakiahidi kuitengeneza nyatiti iache kukwaruza. Wakiahidi hivyo, beba nyatiti yako uondoke.

Udhaifu wa nyatiti ni ngozi. Daraja linaikandamiza, na ngozi hunyonya unyevu. Mvua za Machi hadi Mei zikishika Kisumu, ngozi inalegea na nyuzi zote nane zinashuka sauti pamoja. Hiyo si dalili ya ubovu. Ipashe joto la taratibu, mbali na moto wa moja kwa moja, itajikaza. Ukiiacha nyuma ya gari kwenye jua la saa nane, hiyo ngozi itapasuka, na hapo utahitaji kuwambiwa upya.

Je, akijua nyatiti atakuwa amejua kinubi? Hapana. Atakuwa amepata mikono miwili inayofanya kazi tofauti kwa wakati mmoja, sikio la kukaza nyuzi mwenyewe, na mdundo, kwa sababu mpigaji huvaa pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu na kugonga nayo chombo huku njuga zikilia mguuni. Mpiga kinubi angetamani miguu kama hiyo. Lakini mkao ni mwingine: nyatiti hulazwa ubavu, mpigaji akakaa kwenye kigoda cha chini, wakati kinubi huegemezwa begani kulia na mikono ikaingia kila mmoja upande wake, vidole vinne vinne, kidole cha mwisho kikiwa hakina kazi. Noti ni nane tu. Na muziki wake una nyimbo zake, masifu yake na namna yake ya kujibizana na sauti ya mwimbaji. Akiichukua kama ngazi ya kupandia kinubi ataichoka kabla ya likizo ya Desemba. Akiichukua kwa ajili yake yenyewe, inatosha maisha. Ayub Ogada aliibeba nyatiti kutoka kwetu hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, na wala haikuwa ngazi ya kitu kingine.

Kuhusu shangazi, hajatunga. Kimila nyatiti ilikuwa ya wanaume, na wazee bado wapo wanaoshikilia hivyo. Ila mwambie kwa heshima kwamba Mjapani Eriko Mukoyama, tunayemwita Anyango, alikwenda hukohuko Siaya akafundishwa nyatiti na mzee, na sasa anaipiga duniani kote. Kwenye orutu tunaye Labdi, Mkenya, naye orutu pia ilikuwa ya wanaume. Binti yako hatakuwa wa kwanza. Lakini kabla ya kumpeleka kwa mwalimu, muulize waziwazi kama anafundisha wasichana. Ni afadhali ukataliwe wewe kwenye simu kuliko mtoto akataliwe mlangoni.

Sasa kuna chombo ambacho hakuna aliyekutajia, na ndicho ningekitazama kwanza kama kiu yake ni ya kinubi hasa. Kinaitwa adungu. Ni cha Waalur wa kaskazini-magharibi mwa Uganda: bakuli la mbao lililowambwa ngozi, shingo iliyojikunja kama upinde, vigingi shingoni, na nyuzi zinazotoka shingoni na kuingia moja kwa moja kwenye kijiti kilichoshonwa katikati ya ngozi. Hakuna daraja. Hakuna mti wa kukingama. Kwa ule mtihani wetu wa uzi, adungu ni kinubi kamili, na ennanga ya Waganda pia. Adungu zina saizi nyingi, ndogo za nyuzi 7 au zaidi kidogo na kubwa za besi, na makanisa mengi ya Uganda huzipiga kwa kundi, zikiwa zimekazwa do-re-mi ili zicheze nyimbo za kitabu. Binti atapiga nyimbo anazozijua tayari, na kwayani atapata kazi mara moja. Mpaka wa Busia hauko mbali nanyi. Mafundi wake wanapatikana zaidi upande wa Uganda, na bei haikaribii hata kidogo hiyo ya Nakuru.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Ningeanza na mwalimu kabla ya chombo. Idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Maseno iko karibu nanyi. Piga simu uulize kama kuna mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayefundisha nyatiti au adungu Jumamosi. Mwalimu wa shule naye atajua nani huandaa watoto kwa ala za kiasili kwenye Tamasha la Muziki la Kenya. Mpeleke binti avishike vyote viwili, nyatiti na adungu, kabla hujatoa hata shilingi, na umwache achague kwa masikio yake. Baba ana haki kwamba pesa itabaki. Hana haki ya kumchagulia.

Kinubi cha Nakuru ningekinunua kwa masharti tu: jina la aliyekitengeneza linajulikana, nyenzo ziko kwenye nyuzi zote, ubao ni mzima, bei imeshuka, na umepata mtu wa kumfundisha. Sharti la mwisho ndilo gumu. Masomo ya kwenye simu yanaweza kumfundisha noti. Hayawezi kuona kwamba kifundo cha mkono wake kimejikunja vibaya. Ulizia Kenya Conservatoire of Music jijini Nairobi kama kuna mwalimu wa kinubi anayeweza kumwona ana kwa ana wakati wa likizo na kumrekebisha. Hata mara chache hivyo zitasaidia.

Na mambo mawili ambayo hayasubiri majibu ya kuandikiwa. Malengelenge kwenye ncha za vidole ni ya kawaida kwa mwanzo, yatakuwa magumu na kupona. Lakini ganzi, kuchomachoma kuanzia kiganjani, au maumivu ya mgongo yanayobaki baada ya kuinuka kwenye kigoda, hayo ni ya daktari au mtaalamu wa viungo, na chombo kikae pembeni kwanza. La pili, ukiamua kwenda Nakuru, usiende peke yako. Nenda na mtu anayejua mbao, hata fundi seremala mzuri atafaa kuliko mpenzi wa muziki, kwa sababu ufa na gundi iliyoachia ni lugha yake. Mkirudi nacho, kisafiri ndani ya gari, si juu ya keria, na kikae kwenye mfuko wake chumbani siku kadhaa kizoee hewa ya ziwani kabla mtu hajaanza kukaza nyuzi. Kama ukituma picha za muuzaji, hakikisha moja imepigwa kutoka ubavuni, usawa wa ubao, taa ikiwa upande wa pili. Ya mbele haionyeshi kitu.